Kwa Nini Kigae Hushika na Kwa Nini Hubanduka: Kazi ya Bafu katika Uwanda wa Dodoma

Tangu mwaka 1973, chama cha TANU kilipopitisha uamuzi wa kuyahamishia Dodoma makao makuu ya nchi, kazi ya ujenzi haijakoma katika mji huo. Kwa miaka mingi ilikwenda kwa mwendo wa pole. Baada ya mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kwamba inahamia huko yote, ilishika kasi, na nyumba za watu binafsi zikafuata nyuma ya ofisi. Karibu kila moja ya nyumba hizo ina bafu, na siku hizi bafu hutazamiwa liwe na vigae. Mwenye nyumba ambaye fedha zake zimekwisha kwenye mabati na madirisha mara nyingi huamua kwamba kazi hiyo ya mwisho ataifanya mwenyewe, siku za Jumamosi, akisaidiwa na watoto waliofunga shule. Si uamuzi wa kijinga. Chumba cha meta mbili kwa meta moja na nusu kinaweza kuwekwa vigae vizuri na mtu mwenye subira ambaye hajapata kushika mwiko. Ila hapana budi kwanza aelewe jambo moja: vigae vingi vya uwanda huu hubanduka, vikiwamo vilivyowekwa na watu waliolipwa, na sababu zake zote zimo katika masomo ya fizikia na kemia ya sekondari.

Kigae kilichoachana na ukuta hakianguki siku ile ile. Hukaa mahali pake miezi, pengine miaka, kikishikwa na jirani zake. Dalili yake ni sauti. Kikigongwa kwa kifundo cha kidole hulia kama mtungi mtupu, ambapo kigae kilichoshika hutoa mlio mfupi, mzito, usio na mwangwi. Nyuma ya kile kinacholia pana nafasi yenye hewa, na katika bafu nafasi yenye hewa haichukui muda kuwa nafasi yenye maji.

Kiasi cha maji hayo si kidogo. Dodoma, iliyo kwenye mwinuko wa meta 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hupata mvua ya milimeta 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Sasa chukulia familia ya watu watano, kila mmoja akioga kwa ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 100 kila siku, au lita 36,500 kwa mwaka, katika sakafu ya meta za mraba 3. Lita moja ikimwagwa juu ya meta moja ya mraba hufanya kina cha milimeta moja. Kwa hiyo sakafu ya bafu hilo hupokea zaidi ya milimeta 12,000 kwa mwaka, yaani mara ishirini ya mvua inayonyesha juu ya paa. Nyumba imesimama katika nchi kame, lakini chumba kimoja ndani yake kina hali ya hewa kuliko msitu wo wote wa Afrika.

Ikiwa maji hayo yatapenya chini, matokeo yatategemea udongo. Kwenye miinuko ya mchanga uliotokana na mawe ya matale hayatadhuru sana. Kwenye mabonde, ambako udongo ni mfinyanzi mweusi wa mbugani, mambo ni mengine. Chembe za mfinyanzi huo ni kama kurasa nyembamba mno zilizolaliana. Maji huingia kati ya kurasa na kuzitenganisha, udongo ukavimba. Ukikauka husinyaa na kupasuka nyufa anazoweza mtu kutia mkono. Msingi wa nyumba uliolala juu ya udongo mkavu upande mmoja na udongo uliolowa upande wa bafu huinuliwa upande huo tu. Ufa unaoonekana baadaye juu ya dirisha la chumba cha kulala huenda ulianzia kwenye kigae kilichokuwa kikilia bafuni.

Yafaa kueleza kigae chenyewe ni kitu gani. Madukani huitwa pia marumaru, ingawa marumaru halisi ni jiwe linalochimbwa ardhini, na kigae ni kitu cha kufinyangwa na kuchomwa, ndugu wa chungu. Neno lenyewe linakumbusha hivyo, kwani kigae ni pia kipande cha chungu kilichovunjika. Udongo wa mfinyanzi ukikaushwa juani bado ni udongo: ukiloweshwa hurudi kuwa tope, na ndiyo maana ukuta wa tofali bichi, au wa udongo na miti kama wa tembe za Ugogo, haufai kubandikwa kigae moja kwa moja. Ukipata moto wa nyuzi 500 au 600 za Sentigredi, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake hutoka, na hayarudi tena kwa kuloweka. Moto ukizidi, baadhi ya madini huanza kuyeyuka na kuziba vitundu. Kigae cha kiwandani huchomwa kwa nyuzi 1,000 na zaidi, na tofauti kubwa baina ya aina zake ni hiyo ya vitundu vilivyobaki.

Kigae chepesi cha ukutani kinaweza kunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kigae cha kawaida cha sakafu hunywa kati ya asilimia 3 na 6. Kile kizito kigumu kiitwacho poseleni hakizidishi nusu ya asilimia moja. Hakuna haja ya maabara ili kuvitofautisha. Tone la maji likiwekwa mgongoni mwa kigae cha ukutani hutoweka upesi na kuacha doa. Mgongoni mwa poseleni hubaki limesimama. Anayeanza kazi hii bila kulifanya jaribio hilo la tone atakuwa ameuacha uamuzi ulio mkubwa kuliko yote mikononi mwa bahati.

Sababu ni saruji. Watu wengi, na wanafunzi si haba, hudhani kwamba saruji hukauka kama nguo. Haikauki hivyo. Tangu Mwingereza Joseph Aspdin alipopata hati ya saruji ya Portland mwaka 1824, imetumiwa kujenga hata chini ya maji, ambako hakuna kitu kinachoweza kukauka. Saruji huwa ngumu kwa sababu silikati zake za kalsiamu huungana na maji na kufanya kitu kipya, chenye nyuzinyuzi zisizoonekana kwa macho, zinazokua na kupenya katika vitundu vya cho chote kilicho karibu. Ndiyo mizizi inayokishika kigae. Kwa muungano huo, mfuko wa kilo 50 huhitaji lita 12 au 13 za maji. Yale yanayozidi ni ya kuifanya ilainike. Muungano huanza mara tu baada ya kuchanganya, huendelea kwa nguvu kwa siku saba, na hata siku ya ishirini na nane bado haujaisha. Maji yakiondoka mapema, husimama palipofikia. Hubaki unga wa kijivu unaojifanya jiwe.

Hapo ndipo Dodoma inapotofautiana na Tanga au Dar es Salaam. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya uwanda ni kavu, upepo wa mashariki huvuma karibu kutwa, na maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyavukiza kwa mwaka ni zaidi ya mara tatu ya mvua. Tabaka la saruji lenye unene wa milimeta tano, likiwa limebanwa kati ya tofali la kuchoma lenye kiu na kigae chenye kiu, hunyonywa maji yake pande zote mbili kwa dakika chache. Fundi aliyezoea pwani huja na mkono wake mzuri na mchanganyiko wake uliojaribiwa, akashangaa kazi inamwangukia.

Kwa kigae kinachonywa maji, dawa ni ya zamani na haina gharama. Vigae huzamishwa katika ndoo ya maji safi mpaka viputo vya hewa vikome kutoka, kisha husimamishwa kwa ukingo ili migongo ichuruzike. Kikibandikwa hali kinang'aa kwa maji kitateleza. Kinatakiwa kiwe kimeshiba bila kuchuruzika. Ukuta nao hunyunyiziwa jioni ya jana na tena asubuhi. Madirisha hufungwa ili upepo usipite, na kazi hufanywa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, hasa kama ukuta unaelekea magharibi.

Poseleni ni habari nyingine. Kuiloweka hakusaidii kitu, kwa kuwa hainywi. Tabu yake ni kinyume: mizizi ya saruji haipati pa kupenya. Uji wa saruji tupu, ambao ulifaa kwa vigae vya miaka ya nyuma, huachana na poseleni kama karatasi na kioo, na mtu akikikwangua kigae hicho baada ya mwaka hukuta mgongo wake safi kana kwamba umetoka dukani jana. Kwa aina hii hapana budi kununua gundi ya vigae, ambayo ni saruji na mchanga laini vilivyotiwa kemikali mbili: moja inayozuia maji yasitoroke, na nyingine ya jamii ya plastiki inayonata kwenye uso laini. Kabla ya kubandika, mgongo wa kigae cho chote upanguswe kwa kitambaa kibichi, kwani mara nyingi huwa na unga mweupe uliopakwa kiwandani kisigande katika tanuri. Gundi ikipakwa juu ya unga huo itashika unga, si kigae.

Kosa lililoenea kuliko yote ni lile la kuweka madonge matano mgongoni mwa kigae, manne pembeni na moja katikati, kisha kukisukuma ukutani. Huokoa saruji na huficha ubaya wa ukuta uliopinda, na pengine ndiyo maana linapendwa. Kati ya madonge hubaki mapango. Sakafuni, mguu wa meza ukikanyaga juu ya pango, kigae huvunjika. Ukutani, mapango huwa visima vidogo. Njia ya haki ni kutandaza gundi ukutani kwa mwiko wenye meno, mistari yote ikielekea upande mmoja, kisha kukikandamiza kigae kwa kukisogeza kidogo kukata mistari ile, ili hewa itoke na matuta yajaze mabonde. Kila baada ya vigae kumi, kimoja kibanduliwe na kutazamwa. Mgongo ukiwa umefunikwa wote, kazi inaendelea. Anayeona uvivu kubandua kigae kizima leo atavibandua vyote siku nyingine.

Mchanga wa uwanda hutoka katika makorongo, ambayo hujaa maji wiki chache za mwaka na kubaki makavu. Ni mchanga mzuri wenye punje kali, uliosagika kutoka kwenye mawe, lakini mafuriko huuleta pamoja na matope. Matope huizunguka punje na kuizuia isikutane na saruji. Kipimo chake ni chupa ya kioo: mchanga nusu, maji hadi karibu na mdomo, chumvi kijiko kimoja cha chai, kisha kutikisa na kuacha kwa saa tatu. Mchanga hutua kwanza, matope juu yake. Tabaka la matope likizidi sehemu 8 katika kila sehemu 100 za mchanga, mchanga huo uoshwe au urudishwe.

Maji ya kuchanganyia nayo yatazamwe. Visima vya Makutupora, kaskazini ya mji, vimenywesha Dodoma kwa miongo mingi, lakini visima vingi vifupi vya mabondeni vina chumvi. Chumvi hiyo haiui saruji mara moja. Husafiri pamoja na unyevu katika vitundu hadi usoni, maji yakavukizwa, nayo ikabaki kama unga mweupe kwenye viungo vya vigae. Na inapojenga fuwele zake chini ya uso, huubambua uso huo. Kikombe cha maji ya kisima kikichemshwa mpaka kikauke katika sufuria nyeusi kitaonyesha kilichomo.

Kabla ya kigae cho chote kuwekwa, lipu na sakafu ya chini viwe vimekomaa kwa mwezi mmoja. Saruji mpya husinyaa inapopoteza maji yake ya ziada, kama nusu milimeta kwa kila meta, na kigae hakisinyai pamoja nayo. Sakafu iinamie kwenye tundu la maji kwa sentimeta 1 hadi 2 kwa kila meta. Katika chumba cha meta 2, mwinamo wa sentimeta 1.5 kwa meta utaleta tofauti ya sentimeta 3 kati ya mlango na tundu. Mwinamo huu hujengwa katika sakafu ya chini, si kwa kunenepesha gundi. Juu yake hupakwa dawa ya kuzuia maji, ikipanda ukutani sentimeta 15 au zaidi, na katika sehemu ya kuogea ikipanda juu kuliko kichwa. Wengi huiruka hatua hii wakidhani vigae vyenyewe ndivyo vizuizi. Kigae huzuia maji. Viungo vya saruji kati ya kigae na kigae havizuii, bali huyachelewesha tu.

Idadi ya vigae ni hesabu ya darasani. Sakafu ya meta 2 kwa 1.5 ni meta za mraba 3. Kigae cha sentimeta 30 kwa 30 ni meta ya mraba 0.09, hivyo vinatakiwa 34, na kwa kuongeza sehemu ya kumi ya vitakavyovunjika, 37 vitapata 38 kwa usalama wa hesabu. Kuta zikipandishwa meta 1.8, mzunguko wa meta 7 hutoa meta za mraba 12.6, mlango wa meta 0.75 ukiondolewa hubaki 11.25. Kwa vigae vya sentimeta 20 kwa 30, hivyo ni 188, na pamoja na akiba, 207. Namba ya kundi iliyoandikwa kwenye maboksi iwe moja, maana tanuri haitoi rangi ile ile mara mbili.

Kuta za nyumba nyingi hazikutani kwa pembe mraba, na kigae husema ukweli juu ya ukuta kwa ukatili mkubwa. Pembe hujulikana kwa kanuni ya Pythagoras: sentimeta 60 hupimwa ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, na umbali kati ya alama hizo ukiwa 100 kamili, pembe ni mraba. Usipokuwa hivyo, mstari wa kuanzia huchorwa katikati ya sakafu, vigae hupangwa vikavu kwanza, na vipande vilivyokatwa hupelekwa upande ambao mtu anayeingia haoni kwanza. Ukutani, safu ya chini kabisa huachwa hadi mwisho. Ubao ulionyoka hupigiliwa juu yake kwa pimamaji, na safu ya pili huanzia juu ya ubao huo. Kwa njia hiyo upungufu wa sakafu haupandi ukutani.

Viungo vya milimeta 2 au 3 ukutani, na 3 hadi 5 sakafuni, si pambo. Usiku wa Julai hewa ya Dodoma huweza kushuka hadi nyuzi 13, na mchana kupanda hadi 26. Ukuta unaopigwa na jua hupanda zaidi. Ukuta wa meta 2 ukipata joto la nyuzi 20 hutanuka kwa milimeta 0.4, na safu ya vigae juu yake kwa milimeta 0.25 hivi. Tofauti hiyo ni unene wa karatasi mbili, lakini vigae vilivyogusana bila nafasi havina pa kuipeleka, navyo huinuka katikati kama hema. Kwa sababu hiyo hiyo pembe ambamo ukuta hukutana na ukuta, au na sakafu, hazijazwi saruji bali mpira wa silikoni, unaokubali kuvutwa.

Mambo mawili humdhuru anayefanya kazi mwenyewe. Saruji mbichi ni besi kali, yenye pH ya zaidi ya 12. Huunguza ngozi polepole bila maumivu ya mwanzo, hasa magotini mwa mtu aliyepiga magoti juu ya uji wake. Glavu za mpira na maji safi ya kunawa viwe karibu. La pili ni vumbi la kukata vigae, ambalo lina silika na huharibu mapafu moja kwa moja. Mashine ikate huku maji yakitiririka, na nje ya chumba.

Viungo hujazwa baada ya siku moja au mbili, na bafu halitumiki kwa siku saba baada ya hapo. Familia iliyozoea kuoga kwenye chumba hicho italalamika, na mara nyingi hapo ndipo kazi yote huharibika, siku ya tatu, kwa ndoo moja ya maji.

Shule yaweza kuyaona haya kwa tofali mbili za kuchoma na vigae vinne. Tofali moja na vigae viwili vya ukutani viloweshwe kama ilivyoelezwa. Vilivyobaki viachwe vikavu juani. Vyote vibandikwe kwa uji mmoja wa saruji, saa sita mchana, mwezi wa Agosti. Vile vilivyoloweshwa vifunikwe gunia bichi kwa siku saba. Siku ya nane vigae vibanduliwe kwa tindo, na wanafunzi wapitishe kidole mgongoni mwa kila kimoja. Kwenye vile vikavu kidole kitarudi na unga. Kwenye vile vingine, tofali litabanduka pamoja na kigae kabla saruji haijaachia.